Mbuzi hana mikono: komeo la sumaku kwa geti la bustani

Katika toleo hili hatuandiki habari za mitihani, wala hatuombi madaftari. Tunaandika habari za mbuzi, na za geti, na za kitu kimoja kinachotoka ndani ya redio mbovu.

Ninyi mliokaa hapa West Nile miaka mingi mnajua desturi ya mifugo ya huku, lakini kwa waliofika juzi tuieleze. Wakati mazao yako shambani, yaani kuanzia mvua za mwezi wa 4 mpaka mavuno ya mwisho, mbuzi hufungwa kamba. Mavuno yakishaingia nyumbani na mvua ikakatika, kama mwezi wa 12, kamba zinafunguliwa. Mbuzi anatembea anakotaka, anakula mabua na majani makavu, na hakuna anayelalamika, maana shambani hakuna kitu tena. Ndivyo wanavyofanya Wakakwa wa Koboko, ndivyo wanavyofanya Walugbara wa upande wa Arua, na wengi wetu tuliotoka ng'ambo ya mpaka tulifanya hivyohivyo kwetu. Desturi si mbaya. Shida inaanza pale mtu anapolima bustani ya kiangazi.

Na siku hizi nani halimi bustani ya kiangazi? Tangu mwezi wa 7 mwaka 2023, WFP ilipoanza kupanga familia katika makundi kulingana na hali yao, kuna nyumba zilizotolewa kabisa kwenye mgao. Mwaka 2025 mgao ukapunguzwa tena, na nyumba hizo zikawa nyingi zaidi. Mama aliyekuwa akipokea mahindi na mafuta sasa anabeba jerikeni mbili asubuhi na mbili jioni kumwagilia mistari mitatu ya dodo nyuma ya nyumba. Hiyo dodo ndiyo mboga yake, na akiuza mafungu mawili ndiyo chumvi na sabuni. Sasa jiwekeni mahali pa mbuzi: ni mwezi wa 2, nchi yote imekauka rangi ya kahawia, na mahali pamoja tu pana kijani. Mngefanya nini?

Kesi chini ya mwembe

Bustani ya shule yetu ilikuwa na dodo, sukuma wiki, biringanya na nyanya kidogo. Tuliizungushia matete na miiba, tukaweka geti la miti myembamba, na geti tukalifungia kitanzi cha waya kinachovikwa juu ya nguzo. Tulijiona mafundi. Majani tulikuwa tunagawa kwa watoto wa nyumba zilizokosa mgao, kila Ijumaa.

Alhamisi moja mchana tukatoka darasani, tukakuta mbuzi wawili ndani. Sukuma wiki imebaki vijiti. Dodo imekanyagwa. Vijana wakaokota mawe, na kabla hatujawazuia, mbuzi mmoja alikuwa ameshapigwa mguuni, akatoka akichechemea.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa RWC tukiwa na hasira. Mwenyekiti akamwita LC1 wa kijiji cha jirani, na siku ya pili tukakaa chini ya mwembe: sisi walimu upande huu, mwenye mbuzi, mzee mmoja wa wenyeji, upande ule. Tulidai fidia. Tulisema mengi juu ya watu wasiochunga mifugo yao. Mzee alisikiliza mpaka tukamaliza. Halafu akaomba aonyeshwe geti. Tukaenda wote. Akakishika kile kitanzi cha waya, akakivua, akakivika, akatugeukia.

"Walimu, mbuzi wangu ana mikono?"

Watu walicheka, na sisi tukacheka kidogo kwa aibu, lakini moyoni tulikasirika zaidi. Tulifikiri anatudharau. Kesi ikaahirishwa.

Jumatatu wawili kati yetu wakakaa chini ya mwembe uleule na daftari, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, wakihesabu. Watoto wa zamu ya maji walipita kwenye lile geti mara 23. Mara 14 waliliacha wazi. Na haikuwa utukutu. Mtoto ana jerikeni kichwani, mkono mmoja unaishika, mkono mwingine umebeba kopo. Kile kitanzi cha waya kinataka mikono miwili. Afanyeje? Anasukuma geti kwa kiuno, anapita, anasema moyoni nitalifunga nikirudi. Kati ya hao 14, mmoja alikuwa mwalimu. Jina lake hatutalitaja. Yumo kati yetu tunaoandika.

Kwa hiyo mzee alisema kweli. Tulikwenda nyumbani kwake siku ya Jumatano, tukaomba radhi kwa ajili ya mguu wa mbuzi, na hatukudai fidia tena. Alitukaribisha, akatupa viti. Tulikunywa chai bila maneno mengi.

Lakini kuomba radhi hakufungi geti. Tulihitaji komeo linalojifunga lenyewe, ambalo mtoto aliyebeba maji analifungua bila mkono. Wazo likaja darasani. Somo la umeme na sumaku liko katika sayansi ya P7, na watoto wetu wanalijua kwa kinywa: ncha zinazofanana husukumana, ncha zisizofanana huvutana. Uliza nani ameshika sumaku mkononi, wanatazamana. Msichana mmoja wa nyuma akasema baba yake anayo, ameitoa kwenye spika.

Spika mbovu

Kila spika ina sumaku nyuma, ile pete nyeusi nene. Fundi redio wa Koboko anazo kwenye boksi chini ya meza, na kule Arua mafundi wanazo nyingi zaidi, kwa sababu redio zote na spika za disko za pande hizi huishia kwao. Kutoka Koboko mpaka Arua ni zaidi ya kilomita 50, lakini barabara sasa ni lami, na kila siku kuna mtu anayekwenda. Mtume. Spika iliyochanika karatasi haina faida kwa fundi. Sisi moja tulipewa bure na nyingine tuliuziwa shilingi 2,000. Mtu akitaja 10,000, ondoka polepole, atakuita.

Hiyo pete si chuma cha kawaida. Ni feriti, inayotengenezwa kwa kusaga oksidi ya chuma, yaani ndugu ya kutu, pamoja na madini mengine, kisha ikachomwa kwenye tanuru kama chungu. Sumaku za namna hii zilianza kutengenezwa Uholanzi na kampuni ya Philips mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kwa kuwa ni rahisi kwa bei zikaenea dunia nzima. Kwa sababu imechomwa kama chungu, inavunjika kama chungu. Ya kwanza tuliigonga kwa nyundo ili tuitoe, ikapasuka vipande vitatu. Watoto walifurahi, maana kila kipande kilikuwa bado sumaku kamili yenye ncha zake mbili, na hilo lilikuwa somo zuri, lakini komeo hatukupata. Moto pia ni adui yake. Msiitie kwenye jiko ili gundi iyeyuke; joto kali sana linaiondolea nguvu.

Jambo ambalo hatukulijua: usiitoe kabisa. Pete imebanwa kati ya mabamba mawili ya chuma, na katikati kuna kisiki cha chuma. Tulidhani hayo mabamba yanaificha nguvu. Kumbe ndiyo yanayoikusanya. Pete peke yake inatawanya nguvu zake pande zote, lakini mabamba yanazielekeza mahali pamoja, kwenye ule mfereji mwembamba wa mviringo upande wa mbele ambamo waya wa spika ulikuwa unachezea. Chukueni msumari mjaribu. Mgongoni mwa spika unashika kidogo tu. Mbele, pale kwenye mfereji, unarukia wenyewe.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Tulichana karatasi yote tukaitupa. Tuliazima mkasi wa bati kwa fundi wa mabati, tukakata lile bakuli la chuma linaloshikilia karatasi, tukaacha vijisehemu vinne vifupi vya mikono yake, kama vidole viwili kwa urefu. Hivyo vijisehemu tukavipinda kuelekea nyuma. Ndivyo vinavyopigwa misumari kwenye nguzo. Hakuna gundi. Gundi ya dukani tulijaribu, ikaachia baada ya jua la siku tatu.

Tuliipima kwa maji

Sasa swali: hiyo sumaku itashika nini? Lazima upande wa geti kuwe na kipande cha chuma. Watoto walizunguka na sumaku kama wapelelezi. Sufuria haishiki, ni alumini. Kifuniko cha soda kinashika. Bati la nyumba linashika. Kopo la mafuta la zamani linashika. Tukasema basi, kopo la mafuta linatosha, tukakata kipande.

Kabla ya kukipiga msumari tukakijaribu. Tulifunga sumaku kwenye tawi ikitazama chini, tukakibandika kile kipande cha kopo, na kwenye kipande tukaning'iniza chupa tupu kwa kamba. Halafu tukamimina maji kidogo kidogo kwa kikombe mpaka kikaachia. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mtoto yeyote anaweza kusoma jibu. Kopo liliachia kabla ya kufika lita moja. Tulishangaa, maana mkononi lilionekana limeshika sana.

Sababu ni wembamba. Bati jembamba linajaa haraka, halina nafasi ya kupitisha nguvu yote ya sumaku, na inayobaki inapotea hewani. Tukatafuta chuma kinene. Yule mzee ndiye aliyetupa, tulipopita kumwangalia mbuzi: bapa la jembe lililoisha kwa kulimia, limebaki kama kiganja. Tulilisugua kwenye jiwe mpaka likawa laini upande mmoja. Kwenye bapa hilo chupa ilikwenda mpaka karibu lita 4.

Tulishangilia mapema mno. Tulipoifunga kwenye geti, watoto wa P1 hawakuweza kulifungua. Baada ya siku mbili tukakuta wameweka jiwe ili geti lisijifunge, na bustani iko wazi tangu asubuhi. Tunawaomba msomaye hapa mara mbili, kwa sababu hapa ndipo fundi wengi wanapokosea, na si kwa sumaku tu: kitu kigumu kufungua, watu watakiacha wazi. Sisi tulitaka nguvu, kumbe tulihitaji kiasi.

Kupunguza ni rahisi. Sumaku inapoteza nguvu haraka sana ikiwa kuna nafasi hata ndogo. Tuliweka tabaka moja la karatasi ya boksi kati ya sumaku na bapa, nguvu ikashuka mpaka karibu nusu. Boksi linaoza kwa mvua, kwa hiyo badala yake tukatumia kavera lililokunjwa mara kadhaa, tukaongeza na kupunguza mpaka msichana mdogo kuliko wote wa P1 akafungua kwa kidole. Ilikuwa kama lita 2 kwa kipimo chetu cha chupa. Kavera lina faida nyingine. Mchanga wa huku una chembe nyeusi zinazonata kwenye sumaku kama manyoya, na zikijaa hapo geti halikai sawa. Ukiwa na kavera, unalivua, unalikung'uta, chembe zote zimeondoka.

Geti lenyewe

Mtu atauliza: kilo mbili zitamzuia mbuzi dume? Hazitamzuia. Dume akiegemea kwa kichwa anazidi sana hapo. Ndiyo maana kazi ya kumzuia mbuzi hatukuipa sumaku. Tuliipa nguzo.

Geti letu la zamani lilikuwa linafunguka kuelekea ndani. Mbuzi akisukuma, anasaidia kufungua. Tuligeuza. Sasa geti limetundikwa upande wa nje wa nguzo na linafunguka kwenda nje, kwenye njia. Mbuzi akija akasukuma kwa nguvu zake zote, anazidi kulikandamiza geti kwenye nguzo. Asukume mpaka jioni. Kazi ya sumaku ni kulishika tu lisipeperushwe na upepo, lisibaki na mwanya wa kuingiza pua. Mbuzi hajui kuvuta. Tulimwona mmoja akijikuna shingo kwenye ukingo, geti likacheza kidogo, likarudi.

Na ili lijifunge lenyewe tulifanya ujanja mmoja ambao hauna gharama. Nguzo inayobeba geti hatukuisimamisha wima kabisa. Tuliiinamisha kidogo kuelekea ndani ya bustani, kama upana wa vidole vitatu huko juu. Ukilifungua geti kwenda nje, ncha yake inapanda. Ukiliachia, uzito wake unalirudisha chini, polepole, mpaka linapokaribia nguzo, na sumaku inalipokea: tap. Mkiinamisha kinyume chake geti litakaa wazi siku zote, kwa hiyo jaribuni kabla ya kushindilia udongo. Sisi tulikosea mara moja.

Badala ya bawaba za dukani tulitumia vipande viwili vya mpira wa tairi, ule wa kutengenezea sandali, vimepigwa misumari ya kichwa kipana. Havipigi kelele wala haviibwi. Nguzo tulizipaka oili chafu ya pikipiki upande wa chini kwa ajili ya mchwa. Geti lenyewe liwe jepesi. Likiwa zito litainamisha nguzo zaidi kila mwezi mpaka lifike chini.

Sumaku ipigwe kwenye nguzo, bapa lipigwe kwenye geti, si kinyume, maana geti ndilo linalogonga na sumaku haipendi kugongwa. Tuliongeza kipande kidogo cha tairi chini kwenye nguzo, ndicho kinachopokea kishindo, na bapa linaigusa sumaku tu. Tena iwekwe mbali kabisa na bawaba, kwenye ukingo wa geti. Ukiiweka katikati, mtu anayesukuma ukingoni anahitaji nusu tu ya nguvu, na upepo vilevile. Watoto wa P7 hapa walikumbuka somo la wenzo bila kuambiwa, na hilo lilitufurahisha kuliko geti.

Msiseme tumegundua jambo jipya. Milango ya friji inafungwa kwa sumaku namna hiyohiyo, na habari yake inasikitisha. Friji za zamani zilikuwa na kitasa cha nje, na aliye ndani hakuweza kufungua. Watoto waliingia kucheza katika friji zilizotupwa, mlango ukawafungia, wakafa kwa kukosa hewa. Mwaka 1956 Marekani ikatoa sheria kwamba kila mlango wa friji lazima uweze kufunguka kwa kusukumwa kutoka ndani, na watengenezaji wakageukia sumaku. Kwa hiyo mkimwona mtoto anasukuma geti kwa bega, jerikeni kichwani, anapita na kulisikia likijifunga nyuma yake, mjue limetengenezwa kwa ajili yake. Kuingia kutoka nje tumefunga kitanzi cha mpira wa baisikeli chini, karibu na magoti, anavuta kwa vidole vya mguu.

Maneno ya usalama kwa wazazi

Sumaku ya spika kubwa haina hatari zaidi ya kubana kidole. Lakini katika simu mbovu na vile vispika vya masikio kuna sumaku ndogo za rangi ya fedha, zenye nguvu kuliko umbo lake. Watoto wanazipenda. Hizo msiwaachie hata siku moja. Mtoto akimeza mbili, zinavutana ndani ya tumbo kupitia kuta za utumbo, zinaubana mpaka unatoboka. Mwanzoni anaweza kuonekana mzima, anacheza. Msingoje aumwe, msimpe dawa ya kutapika; mpelekeni kituo cha afya saa ileile, mwambieni daktari kwamba ni sumaku.

Jambo la pili ni kadi. Kadi ya benki yenye mstari mweusi nyuma isiwekwe pamoja na sumaku mfukoni wala kwenye kapu, mstari huo unaweza kufutika. Sasa ukienda kwenye foleni ya pesa kadi ikakataa, utaanza safari ya maofisini ambayo hatumtakii mtu.

Na mvua: feriti haishiki kutu, lakini mabamba yake ya chuma yanashika, na bapa la jembe pia. Pakeni oili kidogo kila mwezi. Sisi tumempa kazi hiyo mtoto wa zamu ya Jumatatu, pamoja na kukung'uta kavera.

Bustani ilichukua wiki tano kurudi. Dodo ndiyo iliyotangulia, kama kawaida yake. Mbuzi bado wanakuja, wanasimama nje wanatazama. Kuna mmoja anayechechemea kidogo, naye tunamjua.

Yule mzee amekuja shuleni mara mbili. Mara ya kwanza alifungua na kufunga geti kama mara kumi bila kusema kitu. Mara ya pili alikuja na spika ya redio yake ya zamani imefungwa kwenye kitambaa, anataka komeo la banda la kuku, juu ya paka mwitu. Tulimwambia mlango wa banda ni mdogo, sumaku ile ni kubwa mno kwake, tunamtafutia ndogo.

Kwa hiyo nyumba yenye spika mbovu, kubwa au ndogo, isiitupe. Leteni shuleni Jumamosi asubuhi baada ya saa tatu, mje na nguzo zenu mbili, misumari 12 na kipande cha chuma kinene. Mkasi wa bati tutauazima tena kwa fundi. Asiye na chuma aulize jirani yake mwenye jembe lililokwisha. Watoto wa P7 ndio watakaokata na kupima, sisi tutasimama pembeni. Na mje na chupa ya lita 5, yetu ilipasuka.